Kutoka Malindi hadi Kuruwitu: Kuutafuta Ukubwa wa Hodhi

Bahari ya Malindi haina rangi moja mwaka mzima. Kaskazi ikivuma, maji ya mto Sabaki, yashukayo na udongo mwekundu kutoka bara, husukumwa kusini mpaka kwenye ghuba ya mji, na mawimbi yafikayo karibu na Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya nguzo huwa na rangi ya chai ya maziwa. Kusi ikishika, mkondo hugeuka, matope hayo huelekea Mambrui na Ngomeni, na bahari ya mjini hurejea kuwa buluu. Wavuvi wetu hulijua jambo hili tangu utotoni. Sisi mwaka huu tulilifuatilia kwa haja nyingine. Tulikuwa tukitafuta maji safi ya kujazia hodhi la samaki, na pamoja na maji tulikuwa tukitafuta jibu la swali lililozua mjadala nyumbani kwa miezi miwili: samaki wa mwambani ahitaji mahali pakubwa kiasi gani?

Hodhi lenyewe tulikabidhiwa na ami yetu alipohamia Maskati kumfuata mwanawe. Ni kioo cha urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, yaani lita 182 likijazwa hadi ukingoni, na mawe na mchanga wake hayajahesabiwa. Samaki wake ni saba, aliowanunua wakiwa wadogo wa kutosha kukaa katika kiganja kutoka kwa mkusanyaji mwenye leseni. Yuko kitatange mmoja, kangaja mmoja wa buluu, puju mmoja, wawili wadogo wenye milia, na mume na mke wa rangi ya chungwa, wale waishio ndani ya minyiri ya mnyama wa baharini afananaye na ua. Mwenyezi Mungu amewakuza. Kitatange amefika sentimita 18, puju amepita 22, na kioo kimebaki vile vile.

Aliyeketi barazani mbele ya hodhi hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa aliyaona yote. Kangaja ana kijiwembe pembeni mwa mkia, nacho hukitumia; mapezi ya puju yalikuwa yamechanika. Wadogo wenye milia hawakutoka nyuma ya bomba la pampu ila wakati wa kulishwa. Kitatange, ambaye umbo lake ni la sahani, alikuwa akigeuka pembeni kama lori katika kichochoro cha mji wa kale: mbele kidogo, nyuma kidogo, kisha akasimama.

Tukashauriana. Ndugu mmoja alisema warudishwe baharini, kwani mlango ni hatua mia tatu tu kutoka hapa. Mwingine alisema wauzwe. Watoto, ambao madrasa imewafundisha habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, walikuwa wakali kuliko sote. Lakini mwalimu wao aliwakumbusha pia habari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, na kijidege chake, ambayo wanazuoni wengi wameitumia kuwa dalili ya kujuzu kumweka ndege tunduni kwa sharti la kumlisha na kutomtesa. Kufuga kunajuzu, basi. Sharti ndilo zito. Hatimaye bibi yetu, ambaye hakuwahi kupendezwa na samaki asiyekuwa wa kukaanga, akasema kwamba hamwezi kumjengea mtu nyumba bila kuona alikotoka. Likizo ya Agosti ilikuwa imefika. Tukafunga safari ya kwenda kuona walikotoka.

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali. Hifadhi ya bahari ya Malindi, pamoja na ile ya Watamu, iliwekwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za bahari za mwanzo kabisa barani Afrika. Lango la Malindi liko Casuarina, kusini ya mji. Tulipanda mashua yenye sakafu ya kioo maji yakipwa, wakati ambapo mwamba wa nje huvunja mawimbi ya kusi na ndani hubaki shwari. Ndani ya hifadhi hakitolewi kitu, hata gamba tupu. Matumbawe mengi yalikufa kwa joto la bahari mwaka 1998, na mahali pengine mifupa yao ingali imesimama, imeota majani ya bahari. Mahali pengine machipukizi yamefunika mifupa ya wazee wao.

Nahodha alizima mashine juu ya jiwe moja kubwa akatuambia tutazame chini ya ukingo wake. Kitatange alikuwa pale. Alikuwa mkubwa kupita sahani ya pilau, na nahodha alisema humkuta hapo hapo kila aletapo wageni. Tulimfuata kwa macho. Alizunguka jiwe, akaliacha, akaenda kwenye jiwe la pili tuliloliona kama kivuli tu, akamfukuza mwenzake, akarudi chini ya ukingo. Hesabu yetu ya haraka ilikuwa kwamba mzunguko huo mmoja ulizidi upana wa ua wa nyumba yetu. Kangaja nao walipita kwa kundi, hatukuweza kuwahesabu, wakila majani juu ya mawe na kuondoka kama wanafunzi waliosikia kengele. Hakuna aliyemchanja mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kukaa.

Hapa inatubidi tuseme neno juu ya kitatange huyu, kwa kuwa jamaa zetu wengi hulitaja. Kwa Kiingereza amepewa jina la Kurani. Akiwa mdogo huwa na weusi wa buluu wenye mistari myeupe ya mviringo, na akiwa katika kubadilika rangi, michirizi ya mkiani mwake huweza kusomeka machoni mwa watu kama hati za Kiarabu. Husimuliwa kwamba zamani, enzi za rupia, samaki mmoja wa aina hii katika soko la Unguja alisomwa mkiani maneno ya kumpwekesha Mungu, na bei yake ikapanda kutoka senti chache hadi maelfu ya rupia. Akikua, maandishi hufifia. Mtu mzima huwa na mwili wa rangi ya majani makavu uliotapakaa nukta za buluu, na hufika sentimita 40. Wako waliotutaka tumweke wetu kwa ajili ya mkia wake. Sisi twaona kwamba anayemheshimu samaki kwa maandishi ya mkiani, kisha akamnyima nafasi ya kuugeuza mkia huo, heshima yake ina walakini.

Kutoka Malindi tulifuata njia ya pwani kupitia Mayungu hadi Watamu. Tulifika siku ya pili ya bamvua, siku ambazo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Asubuhi bahari ilikuwa imeondoka kabisa, na vile visiwa vya mawe vilivyoliwa miguuni na mawimbi vikasimama juu ya mchanga kama uyoga. Kati ya mawe bahari ilikuwa imeacha vidimbwi.

Kidimbwi kimoja hatukukipita kwa muda wa saa nzima. Kwa macho hakikuzidi karai la kufulia nguo, na ndani yake tulihesabu samaki kumi na wanane, kaa wawili na mkunga mdogo aliyetoa kichwa tu. Msongamano huo ulizidi wa hodhi letu. Jua lilikuwa limekipasha maji moto. Samaki walikaa kimya wakitweta, mkunga hakumgusa mtu, na kila mmoja alionekana kama abiria katika matatu iliyojaa, aliyeazimia kuvumilia hadi kituoni. Kisha tukaona kwa nini wanaweza kuvumilia. Maji yaligeuka. Kwanza ulikuja ulimi mmoja mwembamba juu ya jiwe, ukaingia ukatoka, baadaye mwingine, na kabla hatujamaliza kukusanya viatu vya watoto kidimbwi hakikuwapo tena, ilikuwa bahari, na wale kumi na wanane hawakuonekana walikokwenda.

Hapo ndipo suala la hodhi lilipotunyookea. Hodhi la nyumbani ni kidimbwi kilichoachwa na maji kupwa, ambacho maji kujaa hayatakifikia kamwe. Samaki hula, hutoa uchafu, uchafu hugeuka amonia, na amonia ni sumu kwao. Bakteria waishio juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo lakini hujilimbikiza. Mwambani bahari hufuta deni hilo mara mbili kwa siku. Kiooni hulifuta mkono wa mfugaji, kwa ndoo. Ukubwa wa hodhi hufanya mambo mawili tu: huwapa samaki mahali pa kugeuka na kukwepana, na huchelewesha sumu kufikia kiasi cha kuua. Wafanyao hodhi kubwa ili waongeze samaki wapya hurudi walikokuwa baada ya mwaka, wakiwa na bili kubwa zaidi ya umeme.

Hori ya Mida, iliyo nyuma ya Watamu, tuliipita kwa haraka kwa sababu mbu walituwahi. Watoto wa changu na wa tafi hulelewa humo kati ya mizizi ya mikoko kabla ya kutoka mwambani. Kilichotubakia ni neno la mfugaji mmoja wa kaa. Kila kaa wake alikuwa na chumba chake, kwa kuwa, alisema, kaa wawili katika chumba kimoja kesho yake ni kaa mmoja mnene.

Kilifi iko kama kilomita 60 kusini ya Malindi kwa barabara kuu. Wazee waliokuwa nasi hawawezi kuvuka daraja lake, lililofunguliwa mwaka 1991, bila kukumbushana foleni za kivuko. Tulikwenda kwa fundi wa vioo tuliyeelekezwa, mtu wa maneno machache aliyekwisha kutengeneza mahodhi kadhaa. Tulimtajia vipimo vyetu: urefu sentimita 180, upana 75, kimo 60. Akapiga hesabu juu ya kipande cha boksi. Lita 810. Kioo cha milimita 12, chenye mikanda ya kioo juu ili kuta zisitanuke katikati, na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo huua samaki. Aliuliza swali ambalo hatukulitarajia: nyumba yenu ni ya ghorofa?

Ni ya ghorofa, na ni ya kale. Baraza la juu, lilipo hodhi la sasa, limekaa juu ya boriti za mikoko na chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za mawe za pwani yetu, ambazo upana wa vyumba vyake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Fundi akatuandikia: maji ya bahari ya ujazo huo kilo 830, kioo kilo 130, mawe na mchanga juu yake. Zaidi ya tani moja, mahali pamoja, usiku na mchana, juu ya miti iliyokatwa kabla babu hajazaliwa. Hodhi litakaa chini, kwenye daka, juu ya sakafu iliyolazwa ardhini.

Bibi alifurahi kwa sababu yake mwenyewe: daka ni baridi na jua haliingii. Tena samaki chini ya nyumba si jambo geni katika ustaarabu wetu. Katika nyumba za kale za Lamu birika la maji ya kuogea lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa ya birika, katika sakafu yake, hupachikwa bakuli la kaure, ili maji yakichotwa yakaisha, au birika likisafishwa, samaki wapate pa kukusanyikia. Tumelitafakari bakuli hilo mara nyingi. Mjenzi aliyelipachika alijua kwamba siku moja maji yatapungua, akamwekea samaki akiba.

Mwisho wa safari yetu ulikuwa Kuruwitu, kijiji kilicho kusini zaidi, upande wa Vipingo. Bahari yake ilikuwa imechoka. Wavuvi walikuwa wengi, nyavu zilikuwa za macho madogo, na wakusanyaji wa samaki wa mapambo nao walikuwa wakichukua sehemu yao. Biashara hiyo ya mapambo huendelea katika pwani ya Kenya: wazamiaji huwanasa samaki kwa vyavu vidogo, huwatia katika mifuko yenye maji machache na oksijeni nyingi, na ndege huwapeleka Ulaya, Marekani na Asia. (Malindi, kwa kweli, imesafirisha viumbe hai tangu zamani, twiga wake alifika katika jumba la mfalme wa China mwaka 1415.) Mwaka 2003 wazee wa Kuruwitu walianza shauri lao, kisha wakatenga sehemu ya bahari ya kama hekta 30 isivuliwe kabisa. Haikuwa rahisi, aliyezoea kutega pale alfajiri alitakiwa ale nini siku hiyo?

Leo ndani ya sehemu hiyo samaki wamejaa, na tuliwaona kutoka juu ya maji kwa miwani ya kuzamia, kangaja na pono na vitatange vya kila umri. Na wanaozidi hutoka. Hakuna ukuta, mpaka ni maboya tu, nao wavuvi wa nje ya maboya huvua waliotoka.

Jioni hiyo ndugu yetu alilirudia shauri lake: samaki wa nyumbani waachiwe hapa hapa. Lilikuwa shauri la huruma, na watoto walimwunga mkono. Mzee mmoja wa kijiji alilikataa. Samaki aliyekaa miaka katika kioo, alisema, hujui amebeba ugonjwa gani. Ukimtia humu umewatia wote. Tulikumbuka pia kisa cha samaki wa miiba mirefu, mwenye mapezi kama manyoya ya jogoo, ambaye Waingereza wamemfananisha na simba. Kwetu ni mkazi wa kawaida wa mwambani. Katika maji ya Florida, ambako hakuumbwa, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na wataalamu wengi wanaamini kuwa alitoka katika mahodhi ya watu. Leo ameenea Karibea yote, anakula watoto wa samaki wasiomjua, na hakuna awezaye kumrudisha. Huruma ya mtu mmoja na ndoo moja inatosha kuanzisha jambo la namna hiyo. Mlango wa bahari uko hatua mia tatu kutoka kwetu, nasi tumeufunga.

Hodhi jipya lilifika Malindi juu ya lori, limezungushiwa magodoro. Maji tuliyachota Mayungu maji yakiwa yamejaa, kusi ingali imeyasukuma matope kaskazini, mapipa kwa mapipa, kwa siku tatu. Chumvi yake ni gramu 35 katika kila lita au karibu na hapo. Yanapopungua kwa mvuke chumvi hubaki, kwa hiyo ya kufidia lazima yawe matamu, nasi hutumia ya mvua, kwani ya kisima chetu yana chumvi na chokaa. Kisha tulingoja. Hili ndilo gumu kwa watoto: hodhi zuri, linalong'aa, tupu. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Tulihamisha kwanza nusu ya mawe ya hodhi la kale ili wapate mbegu, tukapima amonia na nitriti mpaka zote mbili zikasoma sifuri, ndipo tukawahamisha samaki, wadogo mbele na kangaja mwisho, ili amkute kila mmoja ameshika pango lake. Kila Jumamosi baada ya Alasiri hutolewa lita 80 na kurudishwa lita 80. Watoto wanaita kazi hiyo kujaa na kupwa. Pampu ndogo ya betri iko tayari kwa siku za kukatika umeme.

Kitatange alikaa siku mbili kwenye kona, kwa upana ule ule wa hodhi la zamani, kama asiyeamini. Siku ya tatu alikwenda hadi mwisho wa kioo, akageuka mara moja bila kusimama, akarudi.

Amebaki puju. Aina yake hupita sentimita 60, naye ni mwogeleaji wa safari ndefu; tumempima kwa kila namna, na sentimita 180 ni hatua zake tatu tu akishakua. Kwa sasa yuko peke yake katika hodhi la kale, mapezi yake yamepona, naye anakula vizuri. Mahodhi ya saruji ya maji ya bahari yapo katika baadhi ya nyumba na mashamba kati ya Kilifi na Malindi. Msomaji mwenye hodhi la namna hiyo, lenye urefu wa mita 5 au zaidi na maji yanayobadilishwa, na ambaye yuko tayari kumpokea samaki mmoja bila malipo, tunamwomba awaletee wahariri habari kabla kaskazi haijaanza, kwa sababu baada ya hapo maji ya kumsafirishia yatakuwa na matope.